Nimerudi kutoka likizo ya uzazi, jirani wa meza hanirudishii kazi yangu

Karani_Lungalunga | Jumatatu, 3 Machi 2025, saa 3:40 usiku

Wadau, habari za usiku. Mtoto amelala, chai imepoa, na nina hasira ambayo nikilala nayo nitaamka nayo mpaka ofisini. Wacha niimwage hapa kwanza.

Mimi ni karani wa mishahara katika kampuni moja ya vifaa vya ujenzi, Industrial Area hapa Nairobi, upande wa Lunga Lunga. Huu mwaka wa sita. Tuko watu 84: wapakizi, madereva, mauzo, ofisi. Kila mwezi nakusanya kadi za saa, napiga ovataimu, naandaa mishahara, na kabla ya tarehe 9 PAYE, yaani kodi ya mshahara, iwe imefika KRA, mamlaka ya kodi, na NSSF ya uzeeni, SHA ya matibabu na ushuru wa nyumba viwe vimelipwa. Ni kazi ambayo ukiifanya sawasawa hakuna anayekujua. Kosea shilingi 200 uone, kila dereva atakuita mpaka jina la ubatizo.

Novemba 4 nilienda kujifungua. Kabla sijaondoka nilikaa wiki mbili na kijana wa hesabu ambaye meza yake na yangu zimegusana. Nitamwita Jirani. Nilimwonyesha kila kitu, nikamwachia faili na paswadi ya iTax, ule mtandao wa KRA wa kodi. Alishika haraka, sitamsingizia.

Nimerudi Februari 4. Nakuta koti lake kwenye kiti changu. Printa iliyokuwa upande wangu imehamia kwake. Kikokotoo changu, kile nilichokiandika herufi zangu kwa rangi ya kucha, kiko kwake. Akainuka, akanipa mkono vizuri kabisa. "Karibu dada, umetupotea sana." Koti akaondoa. Kikokotoo akarudisha. Printa ikabaki, na kazi ikabaki.

Kila nikiomba faili: "Dada, wewe pumzika, mtoto bado mdogo. Hii namalizia mimi." Anasema kwa sauti, ofisi nzima ikisikia, kwa hiyo ukikataa unaonekana huna shukrani. Paswadi ya iTax ilibadilishwa nikiwa nyumbani, na hiyo mpya kila siku ni "nitakutumia". Mkutano wa asubuhi anasema "mishahara tumeishughulikia", na mimi nimekaa pale sijui hiyo "tu" inanihusu au la.

Tena nakamua maziwa mara mbili kwa siku, saa nne na saa nane, kwenye chumba cha karatasi katikati ya maboksi ya tona. Nusu saa kila mara. Nikirudi, simu yangu ya mezani imeshapokewa, aliyekuwa na swali ameshajibiwa, na karatasi niliyoiacha imewekwa tiki nyekundu. Kalamu yangu ni ya bluu.

Lakini iliyonichoma ni ya wiki iliyopita. Mzee mmoja wa kupakia saruji alikuja na slipu yake ya mshahara. Akapita meza yangu, akanisalimia, akauliza mtoto hajambo, halafu akaenda kuinama kwa Jirani. Nikamwambia, lete nikuangalie mzee. Akasema, "Wacha tu mama, huyu ndiye mtu wa mshahara."

Sasa leo. Mhasibu mkuu ameniita. Slipu yake ya Februari inaonyesha amekatwa NSSF 2,160. Mnajua viwango vilipanda Februari hii ya 2025: zamani hesabu ya asilimia 6 ilikuwa inaishia kwenye mshahara wa 36,000, Februari hii imekwenda mpaka 72,000. Yeye alipaswa kukatwa 4,320. Akageuza karatasi ya muhtasari, akaweka kidole pale chini, "Imetayarishwa na". Jina langu. Mishahara hiyo aliiandaa Jirani, lakini kwenye faili niliyoitengeneza mimi 2021, na jina langu limekaa pale tangu siku hiyo.

Nilimeza mate nikasema, "Nitaangalia, madam."

Kwa hiyo kazi ni yake, makosa ni yangu. Mngefanya nini?

Konda_Mstaafu | saa 3:58 usiku

Ofisi za hapa Nairobi ni kama matatu ya Jogoo Road saa kumi na mbili jioni. Ukishuka kidogo kununua njugu, ukirudi kiti kina mtu, na huyo mtu anakuangalia kama wewe ndiye unamsumbua. Hakuna cha kuandika barua. Kesho fika mapema, kaa, chukua printa yako.

Binti_Kisauni | saa 4:05 usiku

Kwanza hongera ya mwana, Mungu akukuzie. Pili shoga yangu, mate ulimezea nini? Karatasi ilikuwa mezani na mwenyewe yuko meza ya pili, ungemwita hapo hapo. Na tatu, meza kugusana ndo mwanzo wa balaa lote hili. Zitenganisheni.

Karani_Lungalunga | saa 4:20 usiku

Asante dada. Nilinyamaza kwa sababu ndio nimerudi juzi, sikutaka neno langu la kwanza kwa madam liwe la kumchongea mwenzangu. Na nikisema kweli, wiki mbili za kwanza huo msaada wake niliufurahia. Yaya wangu anataka kuondoka saa kumi na moja, na mimi natoka Industrial Area na foleni ile mpaka Donholm. Jirani akisema "namalizia", nilikuwa nachukua mkoba.

WakiliMtaani | saa 4:47 usiku

Nisome polepole, hii ina pande mbili.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29. Miezi mitatu kwa mshahara kamili, hiyo kila mtu anaijua. Nusu ya pili ndiyo husahaulika: likizo ikiisha una haki ya kurudi kwenye kazi uliyokuwa nayo kabla, au kazi nyingine inayokufaa ambayo masharti yake si duni kuliko ya kwanza. Ongeza kifungu cha 10: maelezo ya kazi yako yawe kwenye maandishi, na yakibadilika mwajiri anapaswa kushauriana nawe na kukujulisha kwa maandishi. Swali langu basi: kuna barua yoyote iliyosema mishahara sasa ni ya Jirani? Kama hakuna, kisheria kazi iko kwako hata kama koti ni lake.

Lakini nakuomba usiingie kwa madam na kifungu mkononi. Kifungu hicho kinamfunga mwajiri, hakimfungi Jirani. Ukikibwaga mezani kesho, ugomvi wa meza mbili utakuwa kesi na kampuni, na kampuni haijakukosea bado. Haijui. Umeificha wewe mwenyewe na hiyo "nitaangalia".

Andika barua pepe fupi, kwa Kizungu chenu cha ofisini, maana yake iwe hii: "Kuhusu NSSF ya Februari uliyoniuliza Jumatatu: hesabu iliandaliwa na fulani, akiendelea na kazi aliyoishika nikiwa likizo. Nimeipitia. Waliokatwa pungufu ni hawa, kiasi ni hiki. Naomba tukae watatu tuandike makabidhiano, ili kuanzia Machi mishahara irudi kwangu." Usiweke "ananidharau", usiweke "kila mara". Weka tarehe na tarakimu, basi.

Na hicho chumba cha tona: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamua, na inakupa muda wa kufanya hivyo, hadi saa moja katika saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Huombi hisani ukitoka mezani.

Nilikuwa_Jirani | Jumanne, 4 Machi, saa 12:15 asubuhi

Nimesoma hii kwenye matatu na imenibidi nijibu, maana niliwahi kuwa huyo mtu mnayemsema.

Mwenzangu alipoenda kujifungua, nilibeba kazi mbili kwa mshahara mmoja. Miezi mitatu. Jumamosi mbili kila mwezi niko ofisini. Hakuna aliyenipa hata soda. Siku aliporudi, ofisi nzima ilimkumbatia, keki ikakatwa, na mimi nikaambiwa "haya, rudi kwenye invoisi zako". Kana kwamba niliazimwa kama mwavuli.

Ndiyo, niling'ang'ania. Sikuwa na njama. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanakuja mezani kwangu wakiniita kwa jina, na meneja alikuwa anajua ninafanya nini. Kurudisha faili ilikuwa kama kuvua sare.

Dada, umewahi kumwambia asante mbele ya watu? Si pembeni. Mbele ya watu.

Konda_Mstaafu | saa 12:31 asubuhi

Asante ya nini na ameficha paswadi? Mtu anayesaidia hafungi mlango.

Karani_Lungalunga | saa 1:10 asubuhi

Konda, nilikuwa nakuunga mkono mpaka nilipofika kwa huyu wa mwisho.

Sijamshukuru. Nilimletea zawadi ya Krismasi kupitia mtu, lakini mbele ya watu, hapana. Na kuna jambo sikuliandika jana. Ile SHA ya asilimia 2.75 ya Oktoba niliifanya mwenyewe, tumbo likigusa kibodi. Lakini mabadiliko ya mwisho wa Desemba nilikuwa hospitali na nyumbani. Zamani SHA na ushuru wa nyumba ulikuwa unavilipa, halafu unapewa nafuu ya asilimia 15 kwenye PAYE. Sasa vinatolewa kwenye mshahara kabla kodi haijapigwa. Fomula yote ya PAYE ilibidi ibadilishwe. Ni Jirani aliyeibadilisha, peke yake, na ameipata sawa. Niliporudi alinielekeza safu kwa safu. Nilikuwa naitikia kichwa kama ninajua.

Kwa hiyo labda naye anaona nimepitwa. Sijui. Naingia kazini.

Mzee_Kobe | saa 2:45 asubuhi

Binti yangu, nilikuwa mtu wa stoo miaka 31, hapo hapo Industrial Area, kabla magoti hayajakataa. Nikueleze kitu.

Tulikuwa tunafungua stoo mimi na kijana mmoja mwepesi sana. Mwepesi kweli. Fundi akija hajamaliza kusema, bomba limeshatoka. Watu walimpenda. Mimi nilikuwa naandika kadi kwanza, nampa mtu baadaye, nikaitwa Kobe, jina ndilo hili. Mwisho wa mwaka ikahesabiwa, mifuko 40 ya saruji haipo. Nani aliulizwa? Kadi ilikuwa na sahihi yangu. Kijana alikuwa na miguu tu, sahihi hakuna.

Sikumgombeza wala sikumshtaki. Nilikwenda kwa mkubwa nikaweka ufunguo mezani. Nikamwambia, mzee, ufunguo huu mpe yule ambaye utamuuliza. Ukinipa mimi, yeye akitaka bomba apitie kwangu. Ukimpa yeye, jina langu litoke kwenye kadi leo, kabla ya chai. Mkubwa alifikiri kidogo sana.

Kwa hiyo usiulize kazi ni ya nani, utabishana mpaka mtoto aote meno. Uliza jina la nani liandikwe pale chini.

Binti_Kisauni | saa 3:02 asubuhi

Mzee Kobe nakupa salamu zako kutoka pwani. Dada wa Lunga Lunga, usituache bila kutwambia ilivyokwenda.

Karani_Lungalunga | Ijumaa, 7 Machi, saa 3:15 usiku

Nimerudi na habari. Ni ndefu, vumilieni.

Jumanne niliandika ile barua pepe kama Wakili alivyosema. Ilinichukua asubuhi nzima kufuta maneno ya hasira, ikabaki mistari sita. Nilipitia slipu zote 84. Waliokatwa pungufu ni 19, wote wa zaidi ya 36,000: madereva wa malori makubwa, mauzo, na sisi wa juu kidogo. Mtu wa 50,000 alikatwa 2,160 badala ya 3,000. Amepungukiwa 840, na upande wa kampuni 840 nyingine. Wapakizi hawakuguswa, asilimia 6 yao ni ile ile.

Nakala nilimpa Jirani. Kabla sijabonyeza kutuma nilimgeukia nikamwambia, "Ninaandika kwa madam kuhusu Februari, wewe umo, soma kwanza." Alisoma. Masikio yakawa mekundu. Akasema, "Sawa dada." Hakusema lingine mpaka jioni.

Jumatano saa tano tukakaa watatu. Madam akauliza nani alitengeneza. Jirani akasema tulisaidiana. Sikubishana naye. Nilifungua faili, nikaweka kidole kwenye kisanduku kimoja tu, ambamo mtu ameandika 36,000 kwa mkono. Ofisi ikanyamaza. Akasema kwa sauti ndogo, "Sikujua imepanda." Na mimi, sijui niliitoa wapi, nikasema, "Ya Desemba aliijua yeye, mimi sikuijua." Hiyo ni kweli, lakini pia sikutaka atoke pale bila nguo.

Halafu madam akasema jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria sote wawili. Kampuni italipa upungufu wote sasa, kwa sababu tarehe 9 ni Jumapili na yeye hataki kungoja zaidi ya Ijumaa. Lakini sehemu ya mfanyakazi itabidi irudi, kwa hiyo Machi hao 19 watakatwa ya Machi pamoja na ile iliyobaki ya Februari. Wanapaswa kuambiwa kabla hawajaiona kwenye slipu. "Nani ataenda kuwaeleza madereva?"

Mnawajua madereva wetu? Hamwajui. Jirani alianza kukwaruza kifuniko cha ile kalamu nyekundu. Nilingoja. Madam naye akangoja. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na kitu.

Nikasema, "Nitaenda mimi. Ni kazi yangu. Ila nikienda, leo hii nipate paswadi na faili, na pale chini pakiandikwa jina langu, aliyeandaa awe mimi."

Madam akamwangalia Jirani. Jirani akatoa simu, akanitumia paswadi pale pale, nikaisikia ikiingia mfukoni. Mwezi mzima "nitakutumia", kumbe ni sekunde nne.

Saa kumi na nusu nikashuka uani. Waliokuwepo ni saba, wamekaa kwenye kivuli cha lori. Nilipigiwa kelele dakika ishirini. Mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo mama umezaa, umerudi kutula?" Nikaweka kikokotoo juu ya boneti, nikamhesabia yeye mwenyewe, mshahara wake wote, kilichokatwa na kilichopaswa kukatwa. Nikawaambia ni akiba yao, iko kwa majina yao NSSF, na kwa kila shilingi yao kampuni inaweka nyingine. Mwingine akauliza, "Hiyo ya kampuni unaniapia italipwa?" Nikamwambia njoo Ijumaa nikuonyeshe risiti. Leo amekuja kweli. Nimemwonyesha. Ameipiga picha.

Yule mzee wa saruji alikuwepo pembeni anakula ndizi, hayamhusu. Lakini alikaa mpaka mwisho.

Nilikuwa_Jirani | saa 3:34 usiku

Na yeye? Jirani? Mmemwacha wapi?

Karani_Lungalunga | saa 3:50 usiku

Nilijua utauliza.

Jana nilimpeleka kibandani, chapati na madondo, nikalipa mimi. Nilimuuliza moja kwa moja anataka nini. Alikaa kimya mpaka chapati ya pili. Akasema anamalizia mitihani ya uhasibu ya CPA, na alitumaini miezi ile mitatu ingemtoa kwenye invoisi. Alidhani akirudisha kila kitu haraka, itaonekana hakuwahi kuishika. Kuhusu paswadi hakuomba msamaha, na mimi sikumlazimisha, lakini sijasahau.

Tumekubaliana yeye achukue kadi za saa na ovataimu za wapakizi, ambazo kusema kweli zinanila siku tatu kila mwezi. Atazijumlisha, ataweka jina lake chini, ataniletea. Mishahara, iTax na NSSF ni mimi. Madam ameliandika, sote tumeweka sahihi. Jumatatu kwenye mkutano nitasema alichokifanya Desemba, na nitalitaja jina lake. Nimeshaandika sentensi mbili kwenye simu nisije nikazila.

Usidhani tumekuwa marafiki. Leo amenisalimia kwa kichwa. Saa nane niliporudi kutoka kukamua (madam ameahidi chumba cha mikutano kile kidogo, funguo bado hazijaonekana), simu yangu ilikuwa inalia na yeye amekaa anaiangalia inalia. Hakuipokea. Hiyo nayo imeniudhi, sijui kwa nini.

Mzee_Kobe | saa 4:10 usiku

Chukua muda. Yule kijana wangu wa stoo alininunia miezi miwili.

WakiliMtaani | saa 4:12 usiku

Nakala ya hayo makubaliano usiiache ofisini. Ipige picha.

Binti_Kisauni | saa 4:26 usiku

Na zile meza? Mmetenganisha?

Karani_Lungalunga | saa 4:31 usiku

Bado zimegusana, nafasi hakuna. Printa ndiyo nimeiweka katikati.